Mwalimu wa Sauti wa Kituntu

Bugomora, Kyerwa
18 Machi 2024

Mdogo wangu Methodius,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Sisi huku tunaamka wazima. Shemeji yako Alistides anapalilia kibanja cha juu, mama mkwe Anatolia magoti bado yanamsumbua ila kanisani hakosi, na Beata ameingia darasa la tano, sasa ananifika begani. Mvua imeanza vizuri, ingawa upepo wa juzi umeangusha mikungu mitatu, tukaila ikiwa michanga. Mwambie Placidia mbegu za maharage alizonipa zimeota zote.

Nina ombi. Nitafutie mwalimu wa kuimba. Sisemi mwalimu wa kwaya; huyo kigango chetu kinaye, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mimi mwenyewe. Nataka mtu anayefundisha mmoja mmoja, nyumbani kwake, anayejua sauti inatoka wapi na inaharibikaje. Ni kwa ajili ya Beata. Ana sauti nzuri na sitaki aimalize kwa kupiga kelele kama tulivyofanya sisi. Hapo Nyakahanga karibu na hospitali wanapita watu wa kila namna, huwezi kukosa wa kumuuliza.

Uliza pia kama anapokea watu wazima. Kuna mwanakwaya mwenzangu, sauti imemkauka tangu Krismasi na haijarudi. Uliza kama mwalimu anaweza kuirudisha, na kwa muda gani. Usitaje kwamba nimeuliza mimi, mwenzangu hapendi asemwe.

Usinipigie simu. Mtandao wa huku unaujua, na simu yenyewe hukaa na shemeji yako shambani. Barua mpe Athanasi wa lori la ndizi. Hupita Omurushaka kila Jumanne na hunifikishia mkononi.

Dada yako,
Adventina


Nyakahanga, Karagwe
11 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Tumepokea barua yako, na Placidia amefurahi sana kusikia habari za maharage. Sisi ni wazima. Mtoto wetu mdogo ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata waya za dukani. Mvua imeniletea kazi: simu zinaingia maji, redio zinapigwa radi, nami nakaa kwenye benchi langu kuanzia asubuhi hadi shingo inakataa kugeuka.

Mwalimu nimempata. Nilianza kwa mpiga kinanda wa parokia, akasema yeye mwenyewe alijifunza kwa kuiba kwa macho. Kisha muuguzi mmoja aliyeniletea simu akaniambia ameona kibao Kituntu: "Mafunzo ya kuimba na kinanda, watoto na watu wazima." Jumamosi nikachukua bodaboda nikaenda. Ni mzee mmoja anaitwa Cleophace, mwalimu mstaafu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Nilimkuta na watoto wawili wa shule na baba mmoja mchinja nyama, wamesimama mstari mmoja, kila mtu ameshika tumbo lake, wanatoa pumzi kama nyoka. Hakuna aliyecheka. Nilisubiri nje mpaka wamalize.

Akaniuliza, "Huyo mtoto anaimba, au anasifiwa?"

Nikasema sijui, mama yake ndiye anayejua.

"Mlete Juni, shule zikifungwa. Atakaa kwako, aje kwangu mara tatu kwa wiki."

Kuhusu mwanakwaya mwenzako, nilimuuliza, naye alijibu kwa kirefu. Nitakueleza siku nyingine, karatasi imeniishia.

Dada, Jumapili ya Pasaka nilikupigia hata hivyo. Mara ya kwanza alipokea Beata akasema umeenda kisimani. Mara ya pili akasema umelala. Ilikuwa saa nane mchana. Tangu nizaliwe sijakuona umelala mchana.

Mdogo wako,
Methodius


Bugomora
6 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto anayeuma kila kitu mpeni kipande cha muwa. Huku kahawa imeanza kuwa nyekundu upande wa bondeni, tutavuna mapema mwaka huu. Mama mkwe amepata fimbo mpya, anatutisha nayo.

Siku ile ya Pasaka nilikuwa nimechoka. Mtu huchoka. Kwaya kwenye Misa aliiongoza Katusiime, nilimpisha kwa sababu vijana nao wajifunze. Aliimba vizuri.

Mzee wako wa Kituntu amenipendeza kwa barua. Beata atakuja na Athanasi Jumanne ya tarehe 4 Juni. Nimempa daftari jipya. Nataka aandike kila zoezi analopewa: mkono unawekwa wapi, pumzi inavutwa kwa hesabu ngapi, linarudiwa mara ngapi, na mtu asikie nini kooni akifanya sawasawa. Hata dogo asiache. Msimamie, ukimwachia atachora maua.

Uliniandikia kwamba karatasi imekuishia, Methodius. Chini ya jina lako palibaki vidole vinne vitupu. Mwalimu alisema nini juu ya mwenzangu?

Dada yako,
Adventina


Nyakahanga
24 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Beata anarudi kesho, na barua hii nimeishona kwenye mfuko wa ndani wa begi lake. Amekula vizuri, amenenepa, na watoto wangu hawataki aondoke. Kuimba amejifunza. Mwalimu Cleophace hasifu mtu, lakini juzi alimwambia, "Rudia," na alipomaliza akamwambia tena, "Rudia," na mchinja nyama akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo sifa yake.

Sasa nikueleze lililotokea. Wiki ya pili Beata alimuuliza, "Mwalimu, mtu akiimba halafu ikatoka pumzi tupu bila sauti, aendelee au aache?"

Mwalimu akasema, "Wewe inakutokea?"

"Hapana."

"Basi anayeuliza ni nani?"

Mtoto akatazama daftari lake. Mwalimu akaliomba, akalifungua, kisha akaja nalo mlangoni nilipokuwa nimekaa. Pembeni ya kurasa, kabla mazoezi hayajaandikwa, kulikuwa na maswali kwa penseli. Je, huuma? Je, hurudi yenyewe? Je, mtu wa miaka arobaini na nne amechelewa? Akaniuliza mwandiko ule ni wa nani. Nikasema sijui. Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kwenye vumbi la uani kabla sijaanza shule. Mwandiko wako nitaujua hata gizani.

Jioni ile tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na Beata. Nikamuuliza taratibu, mama anaendeleaje. Alimenya ndizi mbili kabla ya kunijibu. Akasema, "Mama haimbi, mjomba. Ananong'ona. Hata kuku anawafukuza kwa mikono."

Usimchape. Hakutaka kusema, mimi ndiye niliyemsemesha.

Hakuna mwanakwaya mwenzako, sivyo? Ni tangu lini? Alistides anajua? Umeonwa na nani? Nijibu hayo, usinijibu kwa habari za mvua.

Methodius


Bugomora
22 Julai 2024

Mdogo wangu Methodius,

Nyumbani wote wazima, kahawa ipo juani. Hizo ndizo salamu zangu leo.

Beata sikumchapa. Nilimshukuru, akalia, nikalia na mimi.

Ilianza majuma mawili kabla ya Krismasi. Tulikuwa tukifanya mazoezi, sauti ikakwama kama ndoo iliyonasa kisimani. Nikadhani ni mafua. Mpaka Januari nilikuwa naongea kama mtu anayekwangua sufuria. Alistides nilimwambia ni vumbi la maganda ya kahawa. Aliniamini mwezi mmoja, baada ya hapo akaacha kuuliza, na mtu anapoacha kuuliza ujue naye anaogopa.

Mazoezi ya Beata tumeyafanya. Kila alasiri tunaingia ndani ya kibanja, pale migomba ilipoziba njia, ananionyesha mkono uwe wapi na mimi nafuata. Mtoto wa miaka kumi na moja ananiambia, "Legeza mabega, mama." Wiki ya kwanza nilipata sauti kidogo, nyembamba, nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nilitema mate na mate yalikuwa na damu. Nilifunika kwa jani. Beata hakuona.

Kuna jambo ninalopaswa kukuambia, na nimekaa nalo miaka thelathini na miwili. Mama yetu hakufa kwa malaria. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe sita. Sauti ilimtoka wakati wa kuvuna kahawa. Ilipofika Kwaresima alikuwa akinong'ona, na Pasaka ilipopita alishindwa kumeza hata uji. Nilimpa maji kwa pamba. Hospitali alikataa, alisema watamkata. Alipokufa, baba yetu aliniita jikoni akaniambia, "Ukiulizwa, ni malaria." Nikajibu hivyo kwa kila mtu, na kwako pia, hadi leo.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilitafuta mwalimu. Kitu ambacho mwalimu anaweza kukiondoa kwa mazoezi hakiwezi kuwa ugonjwa. Kila alasiri nilipokuwa nimeshika tumbo langu pale kwenye migomba nilikuwa mwanafunzi tu. Nikienda hospitali watanitazama kooni, kisha watalitaja jina lake, na likishatajwa halirudi.

Mama mkwe anasema ni kimeo kimerefuka. Amemwita mama mmoja kutoka upande wa Nkwenda, anayekata vimeo vya watoto na watu wazima. Anakuja Jumamosi ya tarehe 3 Agosti. Nimekubali. Mama mkwe anafanya kwa mapenzi, na mimi nimechoka kuwa mtu asiyefanya lolote.

Usije. Nakuandikia ili ujue, basi.

Adventina


Nyakahanga
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Dada,

Barua yako imenifikia leo saa nne asubuhi. Lori la Athanasi lilivunjika ekseli, likalala karibu wiki mbili gereji. Ameniletea mwenyewe kwa bodaboda akiomba radhi, naye hajui anachoombea. Jumamosi imekwisha kupita. Nimepiga simu mara sita, haipatikani. Hii barua sitaituma, nitaileta kesho alfajiri na kukuwekea mkononi, kwa sababu nikikuona sitaweza kusema. Kama bado una uhai wa kusoma, soma mpaka mwisho.

Mwezi wa nne nilikuambia karatasi imeniishia. Mwalimu Cleophace aliniambia hivi: "Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu si kazi yangu. Sigusi koo la mtu huyo mpaka daktari aliangalie ndani. Mwambie aende wiki hii." Nilitoka pale nikijua kabisa mwanakwaya huyo ni nani. Nilijua kwa sababu ya simu. Mtu anayeongoza kwaya miaka kumi na tisa ghafla anaogopa simu. Ningekuandikia siku ileile. Lakini kuandika ilikuwa ni kusema kwamba ni wewe, na sikutaka iwe wewe. Miezi minne, dada. Nimekupotezea miezi minne kwa woga, kisha nikakutumia mtoto na daftari la mazoezi, nikijua.

Na jambo la pili. Unadhani nilikuwa mdogo nisijue. Sauti ya mama mimi siijui. Ninao mnong'ono wake tu. Nakumbuka akiniita kwa kupiga kiganja kwenye kirago, nami nikisogeza sikio mdomoni mwake. Nilipoanza shule nikashangaa kwamba mama za wenzangu wanaita kwa sauti kutoka mbali. Sikukuuliza kwa sababu kila nilipotaja mama ulitoka ndani ukaenda kuchota maji.

Nimekwenda kuuliza kliniki. Wamesema nikulete kesho au keshokutwa, watakutazama kwanza, ikibidi watakuandikia kwenda rufaa. Mfuko wa nguo Placidia ameshakufungia, usihangaike na lolote.

Sijui nitakukuta katika hali gani.

Methodius


Wodini, Mwanza
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na barabara haikukuchosha. Placidia mshukuru kwa vitenge, wagonjwa wenzangu wananiuliza kama nimekuja harusini. Alistides anakaa hapa chini ya dirisha kutwa nzima na anaruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa tu. Jana aliniletea sangara wa kukaanga, nikala nusu.

Siku ulipokuja Bugomora hukuniuliza Jumamosi ile ilikuwaje. Ulinitazama tu shingoni, ukasoma midomo yangu, ukakaa chini kwenye majani. Nikuambie sasa.

Yule mama alikuja saa tatu asubuhi. Alikuwa msafi, mpole, na wembe wake umefungwa kwenye karatasi mpya. Akanikalisha mlangoni penye mwanga. Mama mkwe akanishika kichwa kwa nyuma. Alistides alisimama karibu na pipa la maji ametupa mgongo. Nilifungua kinywa. Yule mama akakandamiza ulimi kwa kijiko, akatazama, akatazama tena.

Akasema, "Kimeo chake hakina neno."

Mama mkwe akasema, "Kata hivyohivyo. Ndicho tulichokuitia."

Nikamshika yule mama mkono, nikamuuliza kwa pumzi, "Uliowakata, wangapi walirudi kuimba?"

Akafikiri kweli, Methodius. Hakunidanganya. Akasema, "Mama, mimi nakata kikohozi. Kuimba sijawahi kuulizwa. Ukitaka nikate, nakata."

Wote wakanisubiri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena, nina pamba mkononi. Nikafunga kinywa. Alistides akageuka akasema, "Imetosha, mama," na mama mkwe akakaa chini akalia kwa sauti, akasema alimuona mama yetu, jirani yake, akifa kwa koo hivihivi. Kumbe naye alijua. Kijiji kizima kilijua, nikawa nalinda siri peke yangu.

Daktari hapa alinipitishia kamera puani, nyembamba kama uzi wa kiatu. Akanionyesha kwenye kioo. Kuna kinyama upande wa kushoto, juu ya uzi wa sauti. Atakitoa Jumatano, kisha wakipime. Nikamuandikia kwenye karatasi: nitaimba? Akasema, "Tuanze na kuishi." Hakusema kwa ukali.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, nawe umeniona ukiwa mtoto nikiua nyoka kwa mchi. Naogopa dawa ya usingizi, naogopa nitakapoamka, naogopa hasa zile siku za kusubiri majibu. Nisiporudi, Beata aendelee Kituntu. Mwandiko wangu kwenye daftari lake asiufute.

Kuhusu miezi minne: hata ungeniandikia, nisingekwenda. Hilo liweke chini, usilibebe.

Adventina


Nyakahanga
17 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Placidia na watoto wanakusalimu. Mdogo anatembea sasa, anaanguka, anaamka. Huku mvua za vuli zimekuja na upepo.

Mlisema majibu yatatoka wiki tatu. Leo ni wiki ya nne na siku moja. Najua kimya hiki hakitoki kwako, maana umekatazwa kusema, lakini Alistides naye hapigi. Kila simu ya mteja ikilia kwenye benchi langu nakaribia kuangusha kitu. Jana nilimuunguzia mtu ubao wa simu yake.

Nilikwenda Kituntu kumwambia mwalimu. Alifunga kifuniko cha kinanda. Akaniambia nikuandikie jambo moja: usinong'one. Anasema watu hudhani mnong'ono ni kupumzisha koo, kumbe unalikwaruza zaidi. Ukae kimya kabisa, na unapotaka maji gonga. Siku daktari atakaporuhusu, uende kwake, hata kama ni kupumua tu.

Nikuambie na hili. Wiki iliyopita nilikwenda kuangaliwa koo langu. Sikumwambia Placidia. Walinitazama wakasema sina kitu. Nilitoka mbio kama mtoto aliyefunguliwa shule, na nilipofika barabarani nikasimama nikaona aibu, kwa sababu furaha ile nilikuwa nayo peke yangu.

Mwambie Alistides apige. Liwe lolote.

Methodius


Bugomora
19 Januari 2025

Mdogo wangu Methodius,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Mama mkwe ameiweka chini fimbo yake kwa sasa, amelala na miguu juu ya mto. Senene mwaka huu walikuja wengi, Beata amekutilia kopo moja kwenye mzigo wa Athanasi, uwagawie watoto asimalize mtu mmoja. Ndizi zimetulia.

Alistides alikupigia simu ya majibu, lakini alikuambia nusu. Alisema kinyama kimetoka chote, ambayo ni kweli. Hakukuambia kwamba walipokipima walikuta kimeanza kugeuka kibaya. Kimeanza tu. Daktari alisema kama ningekuja baada ya mvua za vuli, au Krismasi, angekuwa anasema maneno mengine. Nilimwomba Alistides akufiche kwa sababu ulikuwa ukiunguza simu za watu. Wiki iliyopita nilirudi Mwanza kwa kipimo cha kwanza. Kamera ileile, pua ileile. Pamekauka, pamepona, hakuna kipya. Narudi Aprili, kisha Julai, na kadhalika kwa miaka. Kila nikikaribia siku hizo sili. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, na sasa unajua yote ninayojua.

Na hili la sauti nilikuficha mimi. Daktari aliniruhusu kusema tangu mwisho wa Oktoba. Sikusema. Wote hapa walidhani bado nimekatazwa. Nilikuwa nikigonga, nikionyesha kwa kidole, nikiandika kwenye ubao wa Beata. Wiki tano nzima. Niliogopa kufungua kinywa nikute hakuna kitu, kwa hiyo nikaona heri nisijue.

Desemba, shule zilipofungwa, nilimleta Beata Kituntu mwenyewe. Wewe ulikuwa Kayanga kununua vipuri, ulitukuta tumeshamaliza, na nilikuambia kwa ishara tu kwamba mtoto amefanya vizuri. Sikukuambia kilichotokea.

Tuliingia, Mwalimu Cleophace akanitazama mara moja. Akaniuliza, "Daktari ameruhusu?" Beata akanijibia, "Bado." Mzee akasema, "Sikukuuliza wewe." Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ameruhusu. Beata akanigeukia. Sitasahau alivyonitazama, Methodius, kama mtu aliyegundua ametapeliwa na mama yake.

Mwalimu hakunilaumu. Akanisimamisha kwenye mstari, baina ya mchinja nyama na msichana mdogo asiye na meno ya mbele. Akasema tushike matumbo. Tukatoa pumzi. Tukavuma, midomo imefungwa. Mimi nikavuta pumzi na wenzangu, lakini sikuvuma. Akapita mbele yetu akisikiliza kila mmoja, alipofika kwangu akasimama. Hakuondoka. Wale wengine wakaishiwa pumzi wakanyamaza, na mimi nikabaki nimesimama na pumzi yangu kifuani.

Akasema, "Mama Beata, sikuombi uimbe. Toa tu hicho ulichokishika, kabla hujaanguka."

Nikatoa. Ikaja sauti, Methodius. Haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ina mchanga, iko chini kabisa, kama ya kijana aliyebalehe wiki hii. Msichana asiye na meno akanitazama juu akacheka. Mimi nilitaka kukimbia. Mwalimu akaenda kwenye kinanda, akapapasa upande wa kushoto, akaipata sauti ileile, akaibonyeza mara mbili.

"Hapa ndipo ilipohamia," akasema. "Rudia."

Nikarudia mara kumi na moja, nilihesabu. Njiani Beata hakuongea nami mpaka tulipofika Omurushaka, ndipo akasema, "Usinidanganye tena, mama." Nikamjibu kwa mdomo wangu, "Sitakudanganya." Akaisikiliza sauti ile mpya, kisha akalala begani kwangu hadi nyumbani.

Leo asubuhi nilikwenda kanisani, kwenye kwaya. Sikuwa nimekwenda tangu Pasaka. Katusiime alitaka kunipa fimbo ya kuongozea, nikamrudishia, amekuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Nilisimama katikati ya kanisa sijui nikae wapi. Benchi la sauti ya kwanza, nilikokaa tangu usichana wangu, siliwezi tena. La pili pia ni juu mno. Watu walikuwa wananitazama, wengine wanatazama shingo yangu. Nikaenda kwa wanaume, kwenye sauti ya tatu, mahali anapokaa Alistides.

Wakasogea mmoja mmoja mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja, nikakaa. Alistides akafungua kitabu, akakiweka katikati yetu.

Dada yako,
Adventina